Nguzo ya Kapteni

Mvua ilishika kilima saa nane mchana, na Kapteni akavaa kofia yake, akachukua kigoda, akashuka korongoni kwenda kuyapokea maji.

Alikuwa akifanya hivyo kila mvua ya kwanza, miaka thelathini na kitu sasa. Huketi pale korongo linapoingia bwawani, mikono magotini, kama mtu aliyekwenda kituoni kumlaki mgeni. Na mgeni mwenyewe zamani hakuwa mchelewaji. Mvua ikipiga juu, nusu saa haiishi utasikia mngurumo, kwanza wa mbali kama mkokoteni unaovuka daraja la mbao, halafu wa karibu, halafu humsikii tena mwenzako anasema nini. Maji yanaingia bwawani mekundu, yana povu, yamebeba magome ya miti na ndala za watu. Watoto wake watatu walikuwa wakiruka na kupiga kelele ukingoni. Mkewe alikuwa akiacha sufuria motoni, anakuja mbio huku anajifuta mikono, anasimama karibu yake. Chakula kiliungua mara ngapi siku za namna hiyo, na hakuna aliyenung'unika.

Watoto sasa walikuwa na watoto wao huko mijini. Chakula hakikuungua tena.

Kapteni hakuwahi kuiona bahari. Jina alipewa na watu kwa sababu ya chelezo alichokiunda kwa madumu manane na mbao za mlango mbovu. Alikuwa akisimama juu yake na upondo mrefu, kofia kichwani, mtu mzima na heshima zake, akiondoa magugu majini. Bwawa lilichimbwa na marehemu baba yake, naye alilirithi pamoja na bustani iliyo chini ya ukingo: matuta ya mchicha, nyanya na vitunguu, na kitalu cha miche kilichoezekwa nyasi. Bustani hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto. Ndiyo iliyoweka bati juu ya nyumba.

Siku hiyo mvua ilinyesha ya kutosha. Aliiona kwa macho yake, pazia la kijivu kilimani kote. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Kilichokuja ni kijito chembamba kama mkia wa panya, kikajikokota mchangani, kikafika hatua kumi kutoka mguuni pake, kikanywewa na mchanga. Kapteni alikitazama mpaka kikaisha. Nyuma yake bwawa lilikuwa tope lililopasukapasuka, na katikati dimbwi lisilozidi mkeka wa watu wawili.

Halafu akasikia vigelegele. Wanawake walikuwa wakishuka kilimani, wameloa chepechepe, majembe mabegani, na aliyetangulia ni mkewe mwenyewe.

"Yamejaa!" alipaza sauti alipomwona. "Baba watoto, ungekuwepo! Mitaro yote imejaa pomoni. Hakuna tone lililotutoroka!"

"Naona," alisema Kapteni.

Mkewe alisimama. Aliliangalia bwawa, akamwangalia mumewe na kigoda chake, na furaha ikamtoka usoni taratibu. Wenzake nao wakapita pembeni mmoja mmoja, wakimwamkia kwa sauti za chini kama wanaopita penye msiba.

*

Mwaka wa tatu huo tangu kikundi cha wanawake kianze kazi kilimani. Kilima kilikuwa kipara. Walichimba makinga maji, mitaro mifupi iliyokata mteremko, kila mmoja na tuta lake upande wa chini, na juu ya matuta wakapanda miche. Mke wa Kapteni ndiye waliyemchagua kuwaongoza, na tangu hapo watu wote walimwita Mwenyekiti. Mumewe pia, hasa akiwa amekasirika.

"Mwenyekiti," alisema jioni hiyo, chai ikipoa mbele yake. "Nataka mnifungulie matobo matatu tu. Pale juu korongo linapoanzia. Kilima kizima kaeni nacho."

"Matobo matatu pale ndiyo kilima kizima, na wewe unajua."

"Ninachojua mimi ni nguzo yangu."

Nguzo ilisimama katikati ya bwawa, gogo la mti mgumu uliowashinda mchwa. Kila mwaka maji yalipofika kilele chake, Kapteni alikwenda na chelezo akachonga alama kwa kisu. Alizijua zote. Ya chini kabisa, iliyogusana na tope, ni mwaka aliooa. Juu yake mwaka wa kifungua mimba, mwaka baba yake alipofariki, mwaka ng'ombe wa jirani alipozama, mwaka kitindamimba alipofaulu mtihani. Kila alama juu kidogo ya ile iliyotangulia. Wageni walikuwa wakipelekwa ukingoni kuonyeshwa, watake wasitake.

"Redio inasema mvua zinapungua," Kapteni aliendelea. "Mimi mwenyewe naona zinapungua. Lakini nguzo inapanda! Mvua chache, maji mengi. Bwawa hili lina neema yake. Mpaka ninyi mlipokwea huko na majembe."

"Na miche tunayoipanda tuliitoa wapi? Si kwenye kitalu chako?"

"Nilidhani mnapanda miti. Sikujua mnanichimbia kaburi."

"Maji yakitoka kwenye hayo matobo hayatakwenda peke yake," alisema mkewe. "Yatabeba udongo."

"Udongo umebebwa miaka yote. Umewahi kumuua nani?"

Dada mkubwa wa Kapteni, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi, alikuwa pembeni akichovya mkate katika chai kwa sababu ya meno. Aliinua macho kama anayetaka kusema jambo, halafu akaona mkate unamomonyokea kikombeni, akashughulika na mkate.

"Mpaka Jumamosi," alisema Kapteni. "Kama hamkufungua ninyi, nitafungua mimi."

*

Dimbwi lilikauka siku ya tatu. Kapteni akachukua madumu mawili, akaenda kupanga foleni kwenye bomba la sokoni.

Alikuwa hajawahi kupanga foleni ya maji maishani mwake. Watu ndio waliokuwa wakija kwake, na yeye akiwaambia, "Chota, chota, maji hayana mwenyewe," huku moyoni anajua kabisa mwenyewe ni nani. Sasa alisimama nyuma ya wasichana wa shule na muuza maji mwenye mkokoteni, mtu ambaye kwa miaka kumi alijaza mapipa yake bwawani bure.

"Kapteni!" alisema yule muuza maji kwa furaha ya kweli. "Na wewe leo? Meli imekwama wapi?"

Watu walicheka. Kapteni naye alijichekesha, akajikaza, akatazama mbele. Kwenye bomba mama mmoja alikuwa akisugua nguo juu ya sakafu ya saruji, na sauti ya kitambaa kinachopigwa penye maji ikamrudisha mbali sana. Alikuwa na kumbukumbu moja asiyojua aiweke wapi. Jiwe pana, jeusi, la baridi. Yeye ni mdogo, ameketi juu yake, miguu imezama katika maji meupe kiasi cha kuona vidole, na mama yake anafua kando, na povu la sabuni linapita polepole juu ya nyayo zake. Hapakuwa na jiwe kama hilo nyumbani kwao. Ndugu zake waliomfuata kuzaliwa walimwambia aliota. Lakini baridi ile ilikuwa bado miguuni.

Madumu mawili yalimalizika kwenye kitalu kabla hajafika nusu. Alhamisi mama mwenye mgahawa alikuja kuchukua mchicha wake kama kawaida, akainua fungu moja, majani yakaning'inia.

"Huu umechoka, Kapteni."

"Nipe siku mbili tu, mama."

"Wateja wangu hawanipi siku mbili." Alilirudisha fungu chini taratibu, akalipangapanga na mengine ili asimuaibishe, na upole huo ndio uliomchoma zaidi. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Jumamosi asubuhi, kabla wanawake hawajapanda, Kapteni alikuwa kilimani na jembe.

*

Hakuwa amefika huko tangu kazi ianze. Alishangaa, ingawa hakutaka kushangaa. Mitaro ilikuwa bado na maji, imepangwa mstari juu ya mstari, na kwenye matuta miche yake ilikuwa imemfika magotini. Aliitambua. Mingine aliikumbuka ilipokuwa na majani mawili tu, aliyoifunika kwa mikono yake jua lilipokuwa kali.

Alichagua mtaro mkubwa wa pale juu. Alipiga jembe mara nne. Mara ya tano tuta likaachia.

Maji yalitoka kwa mshindo, yakashuka mteremkoni, yakajaza mtaro wa chini, ukashindwa kuyabeba, nao ukapasuka. Na Kapteni akausikia ule mngurumo! Mdogo, lakini wenyewe hasa. Alilitupa jembe akakimbia nao korongoni, mzee wa miaka sitini na mitano, kofia mkononi, anacheka peke yake. Kwa muda huo alikuwa na watoto watatu ukingoni na mke mbichi anayenukia moshi, na hakuna chochote duniani kilichopungua.

Maji yalikwenda yakipunguka. Chini korongo lilikuwa la mchanga, na mchanga ulikuwa na kiu ya miezi minane. Kilichofika bwawani ni uji mwekundu, ukatanda juu ya tope la zamani, ukatulia. Katikati ya uji huo kulikuwa na miche yake sita, mizizi juu.

Mkewe alimkuta ameketi hapo. Alikuwa amepitia juu, na jembe la mumewe alikuwa nalo mkononi.

"Umekisikia ulichotaka kukisikia?" aliuliza.

"Nimekisikia."

"Haya. Twende ukaoge. Wenzangu watakuja alasiri."

Hakusema neno jingine njia nzima. Katika miaka yote ya ndoa yao Kapteni alikuwa ameogopa kelele zake. Hakujua kwamba kuna kitu kibaya kuliko kelele.

*

Walikuja wote, wakajaa uani. Waliketi kwenye mabenchi, ndoo zilizopinduliwa na matofali. Mkewe alikataa kiti cha mbele.

"Leo siwezi kuwa mwenyekiti," alisema. "Anayeshtakiwa ni mume wangu." Akaenda akaketi kwenye benchi la Kapteni, bega kwa bega, ingawa bado hakumtazama.

Aliyechukua kiti ni fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye mdomo. "Mwizi wa kuku tunajua tunamfanya nini," alianza. "Mwizi wa mvua je? Maana huyu kaiba mchana kweupe, na kofia kavaa."

Walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kusamehe. Mmoja akaeleza alivyochimba mtaro ule akiwa na mimba ya miezi sita. Mwingine akasema anaweza kuonyesha malengelenge. Kapteni alisimama, akavua kofia.

"Nimekosa," alisema. "Mbele yenu wote nimekosa. Lakini na mimi nina haki yangu, jamani. Maji yale yalikuwa yangu kabla hamjaanza. Kaitazameni nguzo! Mwaka hadi mwaka yanapanda. Nguzo haina mume wala kikundi, haiwezi kusema uongo."

"Alama za baba ziko wapi?"

Wote waligeuka. Alikuwa Shangazi, ameketi kizingitini akichambua maharage.

"Alama zipi, dada?"

"Baba alikuwa akichonga kabla yako. Mimi ndiye nilikuwa namshikia kisu. Alama saba, au nane. Wewe unasema ya chini kabisa ni ya harusi yako. Nauliza za baba ziko wapi."

Kapteni aligeukia upande wa bwawa. Miaka thelathini na kitu alikuwa akiitazama nguzo ile, na swali hilo halikuwahi kumjia. "Zitakuwa zimeoza."

"Mti huo? Haya. Alama ya kwanza baba aliichonga amesimama kwenye sakafu ya bwawa, maji yamemfika kifuani. Nilimwona kwa macho haya. Wewe ukisimama pale leo, alama yako ya juu kuliko zote, ile unayowaringia wageni, inakufika wapi?"

Alifikiri. Alijiona amesimama kwenye tope, mkono kwenye nguzo.

"Kiunoni," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi maji yako hayakuwa yakipanda, mdogo wangu. Kilichokuwa kikipanda ni tope." Akapuliza makapi ya maharage, akaendelea na kazi yake.

Kapteni aliketi polepole, na kofia ikamwangukia miguuni bila yeye kujua. Kila mwaka tope lilikuwa limeongezeka vidole viwili, na yeye akikanyaga juu yake, akiona ndiyo sakafu, kama mtu asivyoona nywele zake zikirefuka. Alikuwa amesherehekea kufukiwa kwake mwenyewe, na ametembeza wageni.

Mkewe aliokota kofia, akaipangusa, akamwekea magotini.

"Adhabu yangu hii," alisema fundi cherehani, na safari hii sauti yake ilikuwa imelainika. "Aliyoyabomoa atayaziba. Halafu bwawa lichimbwe, tumsaidie. Lakini udongo wote unarudi kilimani. Udongo huo ni wetu, umekaa nao siku nyingi."

*

Walianzia kwenye nguzo. Wanaume wachache walijitolea kwa makoleo, wanawake wakabeba kwa makarai, na yule muuza maji akaleta mkokoteni wake, akapakia udongo kupeleka juu bila kudai kitu. Tope la juu lilikuwa jekundu na gumu. Chini zaidi lilikuwa jeusi, laini, lenye majani yaliyooza, udongo wa aina ambayo Kapteni alikuwa akiitafuta mbali kwa ajili ya kitalu chake.

Siku ya pili, kina cha mkono mmoja, alama ya kwanza ya baba yake ikatokea. Alama za baba zilikuwa na mkia kuelekea kushoto, kwa sababu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Kapteni aliiosha kwa mate na kidole. Halafu ya pili. Halafu ya tatu. Aliteremka nazo siku hadi siku, na kila moja alipoifikia alikaa kidogo asiweze kuchimba, na watu wakajifanya wanapumzika. Alikuwa amesahau ule mkono. Zilikuwa nane.

Siku ya sita, kando ya mguu wa nguzo, koleo liligonga kitu.

"Jiwe," alisema. Alipiga magoti akakwangua kwa viganja. Jiwe lilikuwa pana, jeusi, na upande mmoja limelainishwa. Aliweka kiganja juu yake. Lilikuwa baridi.

"Dada!" aliita, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Dada, njoo!"

Walimshika Shangazi mikono miwili kumteremsha shimoni. Alilitazama jiwe muda mrefu, akaligusa kwa ncha ya mguu.

"Jiwe la mama," alisema. "Alikuwa akifulia hapa. Kulikuwa na chemchemi ndogo, inatoka hapo pembeni, mwaka mzima haikauki. Siku hizo kilima kina miti."

"Waliniambia niliota."

"Wao walikuwa hawajazaliwa. Wewe ulikuwa na miaka minne."

"Na miti?"

"Baba aliikata. Yeye na wenzake. Walilima, wakachoma mkaa, tukala, tukavaa, mimi nikasoma mpaka darasa la nne. Siwezi kumlaumu. Chemchemi ikafa, na mvua ikinyesha maji yakawa yanakuja yote kwa pamoja yanaondoka yote kwa pamoja. Ndipo akachimba bwawa ayakamate. Hakupenda kuzungumzia mambo hayo."

Kapteni alibaki amepiga magoti. Juu yake, shimo lilikuwa limempita kimo, tabaka juu ya tabaka, jeusi chini na jekundu juu, na ndani ya matabaka hayo kulikuwa na harusi yake, na watoto wake wanaoruka, na chakula kinachoungua.

"Miaka yote ile," alisema, "na kofia yangu, na kigoda changu. Nilikuwa nikimpokea nani?"

Mkewe alikuwa ameshuka shimoni bila yeye kumwona. "Kilima," alisema. "Kilikuwa kinahamia kwako." Akainama, akachukua karai lililojaa, akaliweka kichwani mwenyewe.

*

Mvua ya pili ilinyesha, na ya tatu. Kapteni hakutoa kigoda. Alikaa mlangoni akasikiliza, na hakukuwa na cha kusikiliza zaidi ya bati. Alijua hatausikia tena ule mngurumo, na aliulilia moyoni kama mtu anavyomlilia ndugu hata baada ya kujua maovu yake yote. Bustani aliipunguza ikabaki matuta manne. Kitalu alikinywesha kwa madumu ya foleni, na kwenye foleni sasa alikuwa na nafasi yake na watani wake.

Wiki moja baada ya mvua ya tatu, karibu na saa sita mchana, alishuka shimoni kuchukua koleo alilolisahau. Mchanga kando ya jiwe ulikuwa umelowa. Alichimba kwa vidole, akangoja. Kijishimo kilijaa maji polepole, meupe, bila sauti yoyote. Akachimba tena, kipana zaidi, akangoja tena. Kilipofika ukingo wa jiwe, alivua viatu, akaketi, akatia miguu.

Alimwita mkewe kwa jina la ujana wao, ambalo hakuna aliyelisikia kwa miaka. Mwenyekiti alikuja mbio, mikono ina unga, akidhani mtu kaumia. Alisimama juu ya shimo akamtazama: mzee, suruali imekunjwa magotini, miguu ndani ya maji yasiyofika kwenye vifundo, machozi yanateremka na yeye hayafuti.

"Shuka," alisema Kapteni. "Polepole, usiyachafue."

Alishuka. Kapteni alitoa kisu mfukoni, kile cha siku zote, akamwelekezea mpini. Nguzo waliifukua mpaka mguuni, na ilisimama karibu yao, ndefu kupita nyumba, imejaa alama kutoka ya baba mpaka ya juu kabisa ya kuringia wageni. Maji ya leo yalikuwa chini ya zote.

"Chonga," alimwambia. "Mwaka huu ni wako."

Mkewe alipiga magoti kwenye mchanga, akaweka kisu pale maji yalipogusa mti, akaanza kukata. Juu mlangoni Shangazi alikuwa akipiga kelele kwamba chakula kinaungua. Wote wawili walimsikia, na hakuna aliyepanda.